Msizime Kamera Wazee Wakisema

Ndugu zangu wa Ngara na Biharamulo, wa Bugufi, Bushubi na Rusubi, ninyi mlioko Rulenge na Kabanga, Murgwanza na Rusumo, Nyakahura, Lusahunga na Nyakanazi: nina neno juu ya lugha zetu, Kihangaza, Kishubi na Kisubi, na sitalizungusha. Lugha hizi zinafia mikononi mwetu. Anayeziua hakutoka mbali. Ni sisi wenyewe, jioni, tumekaa sebuleni, watoto wamejipanga mkekani, macho yote kwenye televisheni.

Sikilizeni habari ya kijiji cha Igloolik. Kiko kaskazini kabisa mwa Kanada, kwenye kisiwa ambako bahari huganda ikawa barafu mtu akaikanyaga kama barabara. Wakazi wake ni Wainuit, na lugha yao ni Kiinuktitut. Miaka ya 1970 Kanada ilianza kurusha televisheni hadi vijiji vile vya mbali kwa satelaiti. Mwaka 1975 watu wa Igloolik waliulizwa kama wanaitaka. Wakasema hapana. Mwaka 1979 wakaulizwa tena, wakasema hapana mara ya pili. Hawakuwa washamba wanaoogopa mashine. Walijua kwamba kile chombo hakina hata neno moja la Kiinuktitut, na kwamba kikiingia nyumbani, bibi atanyamaza na mgeni ndiye atakayesimulia. Basi wakakifungia mlango. Ilipofika 1981 Wainuit wakaunda shirika lao la utangazaji, na Januari 1982 vipindi vya Kiinuktitut vikaanza kuruka hewani. Ndipo mwaka 1983 Igloolik wakafungua mlango.

Sisi je? Nani alituuliza? Na kama tungeulizwa, tungethubutu kusema subiri kwanza? Dishi lilipandishwa juu ya bati, king'amuzi kikawekwa mezani, nasi tukashukuru. Siulaumu mtambo. Nawauliza wazazi: mtoto wako wa Mugoma au wa Runazi anawajua masultani wa Istanbul kwa majina, anajua nani alimtilia nani sumu katika jumba la kifalme, kwa sababu tamthilia za Kituruki amezisikia kwa Kiswahili fasaha tangu hajaanza shule. Muulize Suwarora ni nani. Atakutazama. Naye Suwarora alikuwa mtemi wa Usui, nchi hii hii ya Rusubi, ambaye mwaka 1861 aliwazuia njiani Waingereza Speke na Grant mpaka walipe hongo aliyotaka ndipo wapite. Wazungu waliandika habari hiyo vitabuni mwao. Sisi tumeiandika wapi? Tumeirekodi wapi? Nani ameisimulia mbele ya kamera kwa lugha ambayo Suwarora mwenyewe angeielewa?

Najua kuna aibu. Tuiseme wazi, kwa maana dhambi isiyotajwa haitubiwi. Mhangaza akipanda basi kwenda Mwanza, simu ikaita, mama yake yuko hewani, huinamisha kichwa na kujibu kwa Kiswahili, hata kama mama hakijui vizuri. Kwa nini? Kwa sababu Kihangaza ni ndugu wa damu wa Kirundi, na akikisema kwa sauti kuna atakayegeuka na kumuuliza kitambulisho. Kirundi, Kinyarwanda, Kiha na Kihangaza viliumbwa karibu karibu, na mpaka uliochorwa na Wazungu baada ya Vita Kuu ya Kwanza uliiacha Bugufi upande wa Waingereza na ndugu zake upande wa Wabelgiji. Lugha haikupewa hati ya kusafiria. Mwaka 2013, Operesheni Kimbunga ilipopita mkoa wetu wa Kagera kuwasaka wahamiaji haramu, watu wa mpakani tulijifunza upya kuuma maneno. Woga ule naufahamu, wala simcheki aliyeuonja.

Lakini mkumbukeni Petro. Usiku ule uani kwa Kuhani Mkuu, akiota moto, nini kilimfichua? Matamshi yake. Lafudhi ya Galilaya ilimtoka kinywani, waliosimama pale wakamjua, naye akaapa kwamba hamjui mtu anayetajwa. Jogoo akawika. Petro hakuikana lugha peke yake; alipoona haya kwa namna anavyosema, alimkana pia yule aliyekuwa akitembea naye. Ndivyo inavyokuwa. Ukiona haya kwa lugha ya mama yako, kesho utaona haya kwa mama yako mwenyewe, kwa jiko lake, kwa namna anavyomsalimu mgeni kwa magoti. Na yule Petro, baada ya kulia, alisimama siku ya Pentekoste na lafudhi ile ile ya Galilaya. Siku hiyo watu kutoka mataifa mengi walisikia habari njema, kila mmoja kwa lugha aliyozaliwa nayo. Roho Mtakatifu angeweza kuwafundisha wote lugha moja ya dola na kazi ikaisha. Hakufanya hivyo.

Najua litakaloulizwa, na ni swali la haki. Mtu ataniambia: mhubiri, unataka kuturudishia ukabila. Nchi hii tangu sensa ya 1967 haihesabu makabila, na amani yetu imesimama juu ya Kiswahili. Tena sisi wa Ngara tuna sababu ya kuogopa kuliko Watanzania wengine. Tulikuwapo. Mwishoni mwa Aprili 1994 tulisimama Rusumo tukaona watu wapatao 250,000 wakivuka daraja kutoka Rwanda katika muda wa siku moja hivi, na chini ya daraja Mto Kagera ukileta maiti. Tulisikia kwamba kule walikotoka kulikuwa na redio, RTLM, iliyosema kwa Kinyarwanda kizuri, chenye utani na nyimbo, na kwa Kinyarwanda hicho hicho ikawaita watu wakaue jirani zao. Na Kenya, baada ya damu ya uchaguzi wa 2007, mtangazaji wa redio ya lugha ya asili alifikishwa mbele ya mahakama ya The Hague, na kesi yake ikasitishwa Aprili 2016. Hofu hii haikuzuliwa.

Basi tuitazame hofu hiyo usoni. Ni nini kilichoijibu RTLM? Mwaka 1995, hapa hapa Ngara, Wajesuiti wanaohudumia wakimbizi walianzisha Redio Kwizera. Wangeweza kuhubiri amani kwa Kifaransa au Kiingereza wakaeleweka na wafadhili. Walirusha kwa Kirundi na Kinyarwanda pamoja na Kiswahili na hizo lugha za Wazungu, kwa sababu mama aliyeko kwenye hema katika kambi ya Benaco au Lukole habari ya chanjo, ya usalama na ya nyumbani alikotoka ataiamini ikija kwa lugha ya moyo wake. Mwaka huo huo kule Bujumbura ilifunguliwa Studio Ijambo, Wahutu na Watutsi wakafanya kazi chumba kimoja, na kuanzia 1997 ikatoa mchezo wa redio wa Kirundi, Umubanyi Niwe Muryango, habari za majirani wanaoishi pamoja. Lugha iliyotumiwa kuua ilitumiwa kuponya. Sumu ilikuwa moyoni mwa waliosema, na ulimi ule ule ulipokabidhiwa watu wenye hofu ya Mungu ulizaa matunda mengine.

Na hapa ndipo napandwa na uchungu. Wakimbizi waliletewa redio ya lugha yao. Ilikuwa haki yao, na nawashukuru walioileta. Mwenyeji wa Ngara alitega sikio kando ya moto, akaelewa karibu kila neno, akacheka palipochekesha. Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni alikuja, na dawa ilikuwa mbele yetu. Tukaona kwa macho kwamba lugha kama yetu inaweza kukaa hewani, ikasoma habari, ikaeleza malaria, ikaigiza, ikaomba. Kambi ya Lukole ikafungwa 2008. Wageni wakaondoka, sisi tukabaki na somo. Tumelifanyia nini?

Msiniambie hatuna vifaa. Nitawaonyesha kamera ilipo. Nendeni kwenye harusi yoyote Jumamosi, iwe Kanazi au Nyakahura. Asubuhi kuna makabidhiano. Upande wa bwana harusi umeketi mabenchi ya kushoto, upande wa bibi harusi kulia, katikati kuna chungu cha pombe ya ndizi na mirija imechomekwa. Mzee anasimama na fimbo. Haanzi kwa kudai. Anaanza kwa kuuliza kama njia ilikuwa nzuri, anataja mababa, anataja mlima waliotoka, anasifia ng'ombe ambao hawajaonekana. Mzee wa upande wa pili anamjibu kwa mafumbo, anakubali nusu, anakataa nusu, watu wanapiga makofi ya viganja vilivyokunjwa. Hiyo ni lugha ya juu kabisa tuliyo nayo. Vijana waliosimama nyuma wanaelewa robo yake. Sasa mtazame mpiga video. Amekodiwa, ana kamera nzuri kuliko ile waliyoanza nayo Wainuit. Anafanya nini? Ameizima. Anatunza betri kwa ajili ya keki ukumbini.

Nasema nanyi wapiga video wetu, vijana wenye bidii, na sisemi kwa hasira. Mkilipwa kurekodi keki, rekodini keki. Ila msiizime kamera wazee wakisema! Ile keki itafanana na ya Dodoma na ya Tanga. Yale maneno ya mzee hayapatikani pengine popote duniani, na mwaka ujao huenda mzee yule hayupo.

Nazo kwaya zetu. Kila usharika, kila kigango, kwaya ikipata sare inataka kutoa albamu ya video. Mnachanga, mnaleta fundi kutoka Kahama au Mwanza, mnapanga mistari mbele ya maporomoko ya Rusumo mkiinua mikono. Mungu apewe sifa. Lakini hesabuni nyimbo kumi za albamu ile: ni ngapi zina neno la Kihangaza? Na mapigo ni ya wapi, kama si kinanda kile kile cha kila kwaya ya Afrika Mashariki? Ngoma za Bugufi ni ndugu wa ngoma za kifalme za Burundi, zile ambazo UNESCO iliziandika mwaka 2014 kuwa urithi wa wanadamu. Wale wenzetu wameziinua mpaka dunia imesimama kuzitazama. Zetu tunaziita siku ya kumpokea mgeni wa mkoa, zinapigwa dakika tano juani, kisha watu wanaelekea kwenye pilau.

Kuna filamu moja, The Tree of Iron, iliyotolewa 1988. Inahusu Wahaya, majirani zetu wa mkoa huu huu, wakiyeyusha chuma kwa njia ya mababu. Watafiti wa Marekani ndio walioifanya. Wazee wale walikuwa hawajafanya kazi hiyo kwa miongo mingi. Majembe ya dukani yalikwisha kuwaachisha. Iliwabidi wakumbushane, huyu akikumbuka udongo wa tanuri, yule akikumbuka mviringo wa mivukuto, mpaka chuma kikatoka. Nawaheshimu watafiti wale. Lakini fikirini: kama wasingekuja, je? Rusubi na Uzinza nazo zilijulikana kwa wahunzi. Wapi filamu yao? Misitu ya Biharamulo ina warina asali wanaotundika mizinga juu ya miti na kusoma njia ya nyuki. Sehemu kubwa ya pori lile sasa ni Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, tangu 2019, na watalii wataletwa kupiga picha swala. Mrina asali naye apigwe picha, na asimulie mwenyewe, kwa Kisubi, na maandishi ya Kiswahili yapite chini ya kioo ili Mtanzania wa Lindi naye afaidi.

Rudini nami Igloolik, maana habari yao haikuishia 1983. Kijana mmoja wa kwao, Zacharias Kunuk, alikuwa mchonga vinyago vya mawe. Mwaka 1981 aliuza vinyago vyake akanunua kamera ya video. Akamrekodi baba yake na wawindaji wenzake wakisimulia. Mwaka 1990 yeye na wenzake, akiwemo Paul Apak Angilirq na mzee Pauloosie Qulitalik, waliunda kampuni yao, Isuma. Apak akawaendea wazee wanane, mmoja mmoja, akarekodi kila mzee akisimulia hadithi ile ile ya kale ya mtu aliyekimbia uchi juu ya barafu kuwaponyoka waliotaka kumuua. Kutokana na vinywa vya wazee hao ikatoka filamu Atanarjuat, iliyosemwa yote kwa Kiinuktitut. Apak alifariki 1998 kabla haijakamilika. Mwaka 2001 filamu hiyo ilipewa tuzo ya Kamera ya Dhahabu kule Cannes, Ufaransa. Na Januari 2021 Wainuit walifungua Uvagut TV, kituo kinachosema lugha yao mchana na usiku. Wainuit wote wa Kanada hawafiki laki moja. Sensa ya 2012 ilikuta zaidi ya watu laki tatu Ngara peke yake, na wengine zaidi ya laki tatu Biharamulo.

Kwa hiyo uchache si kisingizio chetu. Umaskini nao si kisingizio. Kunuk aliuza mawe aliyochonga. Na sheria? Tuwe watu wa ukweli. Kanuni za utangazaji nchini zinavitaka vituo vitumie Kiswahili au Kiingereza, na anayetaka lugha nyingine hana budi kuomba ruhusa kwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Aombe basi! Imeandikwa wapi kwamba mtu wa Ngara asibishe hodi? Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 inahimiza jamii zitafiti, zikusanye na zihifadhi lugha zake za asili, na inahimiza kamusi na vitabu vya sarufi. Umoja wa Mataifa umeitenga miaka ya 2022 hadi 2032 kuwa muongo wa lugha za asili. Wabunge wetu na madiwani wana hoja tayari mkononi, wanachokosa ni wananchi wa kuwasukuma. Na kabla ruhusa ya kituo haijaja, hakuna kanuni inayomkataza mjukuu kumrekodi bibi yake akimfundisha kuchambua maharage.

Kiswahili hakitapungukiwa. Mahubiri haya nayaandika kwa Kiswahili, nakipenda, kimetuunganisha na ndugu zetu Wasukuma, Waha na Wazinza waliojaa Biharamulo, na Mungu akizidishe. Mtu mwenye mama hakatazwi kuwa na shangazi. Ninachokipinga ni mtoto kukua bila kumsikia mama.

Tena muda umebana. Nehemia aliujenga ukuta wa Yerusalemu ukasimama, malango yakawekwa, watu wakafurahi. Aliporudi baada ya kitambo akakuta nusu ya watoto wa Wayahudi fulani wanasema lugha ya Ashdodi, wala hawawezi kusema lugha ya Wayahudi. Kwa mawe yaliyoanguka alilia; kwa hili alighadhibika. Ngara nako kunajengwa. Umeme wa Rusumo, megawati 80, tunagawana na Rwanda na Burundi. Mkataba wa nikeli ya Kabanga ulitiwa saini mwaka 2021. Wataalamu na vibarua watakuja kutoka kila pembe ya nchi na nje yake, na ni heri waje. Watoto wetu watafanya kazi kwa Kiswahili na Kiingereza, na ni halali wafanye. Lakini ukuta ukikamilika, ndani yake ataishi nani? Mtu asiyejua jina ambalo babu yake aliuita mlima unaochimbwa?

Nawaomba, kila mtu mahali pake. Mapadri, wachungaji, makatekista, masheikh wetu wa Biharamulo: tajeni jambo hili mbele ya watu, na mruhusu chumba kimoja cha ofisi kitunze rekodi. Walimu, wengi wetu tulichapwa shuleni kwa kusema kilugha. Msiirithishe fimbo ile. Wenye vibanda umiza, kabla ya mpira wa Simba na Yanga kuanza, wekeni dakika kumi za mzee wa kijiji chenu, muone kama watu watatoka. Mtaona wanasogeza mabenchi mbele. Ninyi mlioko Dar es Salaam na Arusha, mnaotuma bando kwa wadogo zenu kila wiki, tumeni na kazi: waambieni wawarudishie video ya babu akitaja ukoo mpaka kizazi cha saba. Redio zetu za hapa, ombeni ruhusa ya nusu saa kwa juma, ya Kihangaza, ya Kishubi, ya Kisubi, na sisi wasikilizaji tutatia saini zetu hapo chini.

Na kazi ifanywe kwa heshima. Mzee aombwe kwanza, aelezwe rekodi itakwenda wapi, naye akisema neno hili lisitoke nje ya ukoo, lisitoke. Simu iwekwe mahali pasipo na upepo, redio ya jirani izimwe. Mwanzoni atajwe jina lake, kijiji chake na tarehe. Asikatizwe. Akilia, aachwe alie. Nakala moja abaki nayo mwenyewe kwenye memori kadi, nyingine iende ofisi ya parokia, usharika au msikiti, ya tatu itunzwe na mtu wa ukoo aliye mbali, maana simu huibiwa na nyumba huungua.

Jumamosi hii, ndugu zangu. Anzeni na yule aliye mkubwa kuliko wote mtaani kwenu.